Uzoefu wangu na reli ya magogo ya Cass, West Virginia, Marekani: kata tiketi ya Bald Knob

Nimepanda safari zote mbili za reli hii, na kama una siku nzima ushauri wangu ni mmoja: nenda Bald Knob, kilele kilicho mwisho wa reli. Safari ya Whittaker, kituo cha njiani, ni maili 4 tu kwenda na unarudi baada ya saa mbili hivi. Bald Knob ni maili 11 kwenda, kama kilomita 18, kwenda na kurudi inakula zaidi ya saa nne, na huko ndiko unakoelewa kwa nini kampuni ya mbao iliyoijenga ilihitaji injini ya mvuke ya aina ya pekee.

Reli ilianza kujengwa 1901 na kampuni ya West Virginia Pulp and Paper ili kushusha misprusi myekundu (miti ya jamii ya msonobari) kutoka mlima Cheat. Magogo mengine yalipelekwa Covington, Virginia, kutengenezwa karatasi, mengine yalipasuliwa hapo hapo Cass. Enzi za neema, kiwanda kilipasua futi za ubao 125,000 kwa shifti moja, na shifti zilikuwa mbili kwa siku. (Futi moja ya ubao ni kipande cha sentimita 30 kwa 30, unene sentimita 2.5.) Mwaka 1942 kampuni ya Mower Lumber ikanunua, na 1960 kazi ikasimama. Chuma chote kilikuwa kinaelekea kuuzwa chakavu, serikali ya jimbo ikakiokoa. Watalii walianza kupanda 1963, na kufika Bald Knob 1968.

Sasa injini, maana ndiyo iliyonipeleka. Inaitwa Shay, kwa jina la Ephraim Shay, mkata magogo wa Michigan aliyepata hataza yake 1881. Kabla treni haijaondoka, zunguka upande wa kulia. Utaona silinda tatu zimesimama wima, na boila imesogezwa kushoto ili uzito usawazike. Silinda zinazungusha krenki, krenki inazungusha shafti ndefu iliyolala pembeni mwa injini, na shafti hiyo ina krosi kama za propela ya lori, pamoja na vipande vinavyoingia na kutoka ili ijinyooshe au ijikunje kwenye kona. Kila ekseli ina gia yake ndogo inayouma gia kubwa iliyofungwa kwenye gurudumu. Kwa hiyo magurudumu yote yanavuta, hata yaliyo chini ya tanki la maji. Uzito wote unatumika kushika reli, hakuna unaobebwa bure.

Bila hivyo huu mlima haupandiki. Mpando wake mkali unafika asilimia 11, yaani mita 11 juu kwa kila mita 100 mbele. Reli ya kawaida ikifika asilimia 3 tayari wahandisi wanalalamika. Kampuni ilijenga hivi kwa sababu njia ya magogo ni ya muda: miti ikiisha bondeni, reli inang'olewa na kutandikwa kwingine. Hakuna anayechimba mahandaki kwa ajili ya njia ya namna hiyo. Palipokuwa na ukuta wa mlima waliweka zigizaga: treni inapita njiapanda ya reli, inasimama, swichi inageuzwa, kisha inapanda kinyumenyume. Ziko mbili kabla ya Whittaker.

Hapo msikilize mchochea moto. Zigizaga ikigeuza upande wa boila unaoelekea mlimani, maji ndani yanahamia ncha nyingine. Bati la juu ya tanuru likibaki bila maji, linalainika kwa moto na boila inaweza kulipuka. Ndiyo maana kiwango cha maji kinapandishwa kabla ya kugeuza, si baada.

Mwanzoni injini inakuwa nyuma na kusukuma, ili behewa likikatika lisiteremke peke yake. Kushuka ndiko kazi ngumu zaidi: washika breki wanakaza breki za mkono behewa kwa behewa. Zikizidi kukazwa, magurudumu yanafunga na kuteleza, na gurudumu linaloteleza linalika upande mmoja na kugonga reli safari nzima.

Mabehewa mengi yalikuwa ya kubebea magogo, yakaongezwa paa na mabenchi, kwa hiyo upepo unaingia. Beba koti hata Julai. Kule juu ni karibu mita 1,470. Vaa miwani, kwa sababu chembe za makaa zinaingia machoni, hasa behewa lililo karibu na injini. Mimi hukaa hapo hapo kwa ajili ya sauti: milipuko ya moshi ni ya haraka mno, masikio yanadhani treni inakimbia, kumbe mtu mwenye miguu mizuri angeenda nayo sambamba.

Ukikuta injini nambari 5 imefungwa kwenye mabehewa, hiyo ilitengenezwa 1905 kwa ajili ya Cass. Nambari 6, tani 162, ni ya 1945, Shay ya mwisho kabisa kutoka kiwanda cha Lima, Ohio. Kwa kuona majani yanavyobadilika rangi Oktoba, kata tiketi mapema, na uwe tayari kwa mchanga unaomwagwa kwenye reli, kwa sababu majani yaliyolowa yanateleza kama sabuni.