Uzoefu wangu na pesti ya Arctic MX-4: joto la prosesa lilipokataa kushuka

Ni miezi mitano sasa tangu niliponunua bomba la gramu 4 la pesti ya prosesa ya Arctic MX-4, yaani ule ute unaopakwa kati ya prosesa na metali ya feni yake ili joto lipite, kwa ajili ya kompyuta yangu ya mezani hapa Dar es Salaam, na kabla sijaisifu ni haki nikiri kwamba tatizo lililonipeleka dukani halikuwa la pesti hata kidogo.

Kompyuta yenyewe inatumia prosesa ya Intel Core i5-10400, na ilifungwa na fundi mmoja wa mjini kwa feni ileile inayotoka kwenye boksi la prosesa. Tangu siku ya kwanza feni hiyo ilikuwa ikivuma kama mashine ya kukoboa, hata pale nilipokuwa nimefungua waraka mmoja tu wa Word. Programu ya HWiNFO ilionyesha nyuzi 62 hadi 65 za Selisiasi ilhali kompyuta imetulia, na chumba changu, madirisha yakiwa wazi, kina nyuzi 30 au 31. Prosesa hii hujipunguzia kasi ili isiungue inapokaribia nyuzi 100, kwa hiyo haikuwa hatarini. Lakini prosesa isiyo na kazi inapoizidi hewa ya chumba kwa zaidi ya nyuzi 30, ujue joto linazalishwa vizuri ila halipati pa kutokea.

Nilianza na yasiyogharimu kitu. Task Manager ya Windows ilionyesha matumizi ya prosesa ya asilimia 2 au 3, hivyo hapakuwa na programu iliyojificha ikifanya kazi kimyakimya. Mpangilio wa umeme wa Windows ulikuwa umewekwa kwenye utendaji wa juu, ambao huibakiza prosesa kwenye kasi kubwa hata isipohitajika. Nilipourudisha kwenye ule wa kawaida, kasi ilikuwa ikishuka hadi megahezi 800 na joto likapungua kwa nyuzi 4. Namba ya joto niliyoikuta kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, ilinitisha zaidi, mpaka nilipoelewa kwamba humo prosesa haiingii katika usingizi wake wa kawaida, hivyo haifai kulinganishwa na ile ya Windows. Vumbi lilikuwa kidogo mno kulaumiwa.

Ndipo nikanunua pesti, kwa shilingi 25,000. Niling'oa feni, nikafuta pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi kilicholoweshwa alikoholi ya isopropili, nikaweka tone lisilozidi punje ya choroko katikati ya prosesa, nikarudisha feni mahali pake. Joto lilishuka kwa nyuzi 2 tu. Nilijisikia mjinga, hasa kwa kuwa jibu nilikuwa nimelishika mkononi muda mfupi uliopita: pesti ya zamani ilikuwa imebanwa ikawa nyembamba upande mmoja, na upande wa pili ilikuwa bado nene, kana kwamba haijawahi kuguswa na chochote.

Jioni ileile niliilaza kompyuta ubavu, nikawasha tochi ya simu na kuisukuma feni kwa kidole. Kona moja ilicheza kama jino bovu. Feni hii hushikwa na pini nne za plastiki zinazopenya kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, na kila pini ina mshale kichwani unaoonyesha upande wa kufungulia. Ukiiacha imeelekea upande huo, itaingia kwenye tundu lakini haitajifunga. Pini ya karibu na waya wa umeme ilikuwa imeachwa hivyo, nami nilipoirudisha nilirudia kosa la fundi bila kujua. Niling'oa tena, nikafuta, nikaweka tone jingine, nikazungusha pini zote upande wa kufungia na kuzikandamiza mbili mbili kwa mshazari mpaka kila moja ikalia "ta". Kwa nyuma ya mazabodi, ncha nyeusi zilionekana zimechomoza katikati ya zile nyeupe kwenye matundu yote manne. Nilipowasha, joto lilitulia kwenye nyuzi 39 hadi 41, na wakati wa kuchakata video ndefu halikupita 72.

Kuhusu MX-4 yenyewe, sina malalamiko makubwa. Haipitishi umeme, jambo linalompa amani mtu mwenye mkono usiozoea. Inasambaa kwa urahisi, na haihitaji kusubiriwa siku kadhaa ndipo ifanye kazi. Hata hivyo, kazi yake ni kujaza vijishimo vidogo visivyoonekana kwa macho kati ya vipande viwili vya metali vilivyokwisha kubanwa, na anayeinunua akitarajia iunganishe vile ambavyo havijagusana atakuwa amepoteza fedha. Naipa nyota nne kati ya tano.

Bomba bado lina zaidi ya nusu. Wiki iliyopita nimelitumia kwenye kompyuta ya jirani, safari hii nikianza kwa kuisukuma feni kwa kidole.