Laptopu yangu ya kurekodia ilivyopona: RAM, SSD na vumbi la chumvi

Nina chumba cha kurekodia hapa Lamu, mtaa wa Langoni, ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe. Kuta nene, dari ya boriti, kelele za nje haziingii ila punda akilia chini ya dirisha. Narekodi kasida, nyimbo za harusi na taarab ya udi, na miaka sita nimetumia laptopu moja ya mtumba: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5 ya kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4, diski ngumu (hard disk) ya GB 500. Programu yangu ya kurekodia ni Reaper, kwa kuwa ni nyepesi.

Mwaka jana ikaanza kulemaa. Kuiwasha ni dakika nne na ushei. Kufungua kazi yenye traki ishirini, naenda kutia udhu, narudi, bado inafikiri. Hayo niliyavumilia. Kilichonitia uchungu ni usiku mmoja baada ya Isha, bibi mmoja mtu mzima alipokuja na wenzake wawili na pembe zao za vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Kumpata bibi huyu nilimbembeleza miezi. Walipofika beti ya tatu sauti ikaanza kukatika: tk, tk, tk, kimya kidogo, kisha ikarudi. Akavua hedifoni, akanitazama.

"Mwanangu, mashine yako yakohoa?"

"Niwie radhi, bibi. Turudie."

Tukarudia, ikakohoa tena. Mara ya tatu koo lake likachoka, nami nikaona haya kumwomba zaidi.

Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: ongeza RAM. Nikaagiza kipande cha GB 8 kutoka duka moja la Mombasa, wakaniletea RAM ya aina ya DDR4 ilhali mashine yangu inatumia aina ya DDR3L. Hazibadilishani, hata ule mkato wa kwenye kipande hauko mahali pamoja. Kukirudisha ni mashua hadi Mokowe, kisha basi, kisha simu zisizopokewa. Wiki mbili zikapotea. Kabla ya kulipa, wapigie picha kibandiko cha kipande ulichonacho ndani, uwatumie. Kilipokuja chenyewe, kwa KSh 2,800, nikawa na GB 12, na kweli kivinjari na Reaper vikakaa pamoja bila kugombana. Lakini sauti ikakatika vile vile.

Hatua ya pili ikawa SSD (diski ya chipu) ya GB 480, KSh 5,500, na hii ndiyo pesa niliyoitoa kwa furaha kuliko zote. Diski ngumu ya zamani ina sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa chake kinakimbia huku na huku kutafuta vipande vya sauti vilivyotawanyika. Maktaba ya ala, yaani sauti za ala zilizorekodiwa tayari, ina maelfu ya vipande vidogo vidogo, kwa hivyo kichwa hakipumziki. Yangu tena ilikuwa imebebwa mashuani kwenda Matondoni na kurudi sijui mara ngapi, na diski ya namna hiyo haipendi kutikiswa. SSD haina kinachozunguka. Fundi alinihamishia kila kitu kama kilivyo, Windows na mipangilio yake, kwa muda wa mchana mmoja. Sasa inawaka kwa sekunde ishirini hivi, na ile kazi ya traki ishirini inafunguka kabla sijakaa vizuri. Diski ya zamani nimeitia kwenye kasha la USB, ni ya akiba.

Na bado, nikirekodi zaidi ya dakika kumi, tk, tk.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningeambiwa mapema ningeokoa miezi: uzito wa laptopu ya muziki ni maradhi mawili yanayofanana. Kuchelewa kufungua ni mambo ya diski na RAM. Sauti kukatika ni prosesa kutowahi kupeleka sauti kwa wakati wake, na dawa ya haya haiponyi yale.

Fundi wangu wa hapa, kijana mtulivu sana, akaifungua tena, safari hii hadi kwenye feni. Mapezi ya shaba yanayotoa joto la prosesa yalikuwa yamezibwa na utando wa kijivu, mgumu kama ukoko wa wali: vumbi la chokaa la kuta zetu limeshikana na unyevu wa chumvi. Aliubandua kwa brashi ya rangi na kijiti. Ile pasta ya kupitisha joto, kati ya prosesa na shaba, ilikuwa imekauka, inapukutika kama unga. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, na yangu ilikuwa ikifika nyuzi 95. Baada ya pasta mpya, kazi ile ile inaishia 72. Kwa ufundi nilimlipa KSh 1,000, nikamwongeza.

Mikatiko ikapungua, haikwisha. Iliyobaki niliisaka mwenyewe kwa LatencyMon, programu ya bure inayoonyesha ni draiva gani (programu ndogo inayoendesha kifaa) inayoichelewesha Windows. Ya kwangu ilikuwa ya Wi-Fi. Sasa kabla ya kurekodi naizima, naweka mpangilio wa umeme wa Windows kwenye kasi ya juu kabisa, nachomeka chaja. Bafa, yaani idadi ya sampuli (vijipande vya sauti) ambazo kompyuta inazikusanya kabla ya kuzitoa, naiweka 256 wakati wa kuimba. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, hiyo ni kama milisekunde 6, na mwimbaji hahisi sauti yake ikimfuata nyuma. Wakati wa kuchanganya naipandisha hadi 1,024, hapo hakuna anayeimba, prosesa ipumue. Traki zenye mwangwi mzito nazigandisha, yaani Reaper inazigeuza faili za sauti zilizo tayari ili prosesa isizikokotoe upya.

Kwa mwenye laptopu ya umri wa hii yangu hapa pwani: anza na feni na pasta, kisha SSD, RAM iwe ya mwisho. Mimi nilikwenda kinyume kabisa. Na usingoje ianze kukohoa, ifungue kila mwaka kaskazi ikiisha.

Bibi alikubali kurudi. Aliimba dakika kumi na moja mfululizo, pembe zikajibu, hakuna palipokatika hata mara moja. Nilipomchezea rekodi yake akafumba macho, akawa anatikisa kichwa taratibu. Nikamuuliza mbona beti mbili za usiku ule wa kwanza hakuziimba.

"Hazikunijia, mwanangu."

Ninazo zile mbili, kwenye diski ya zamani, na mikatiko yake.