Vichezeo vya Watoto Chini ya Miaka 3: Geuza Nyuma, Tazama Mfuniko wa Betri

Meseji nyingi ninazopata siku hizi kutoka kwa kina mama zina lalamiko moja. Kisimu cha kuchezea kinachoimba kimeanguka, mfuniko wa nyuma umechomoka, betri zimetawanyika sakafuni na mtoto anatambaa hapo hapo. Basi leo sizungumzii rangi wala umri ulioandikwa kwenye boksi, hayo mnayajua. Nazungumzia mfuniko.

Visimu vile vingi hutumia betri za saa, vile vidonge vinavyong'aa. Betri hiyo ikikwama kooni, umeme wake hukutana na mate na kuzalisha kemikali inayounguza nyama kama kostiki ya kutengenezea sabuni. Ndani ya saa 2 koo linaweza kuwa limeungua vibaya. Hatari zaidi ni zile bapa za lithiamu zenye upana wa milimita 20, zilizoandikwa CR2032, kwa sababu upana huo ndio unaonasa. Hata ile tunayosema imekufa bado ina umeme wa kumuumiza mtoto. Ukihisi amemeza, usimtapishe wala usingoje itoke chooni. Mkimbize hospitali yenye eksirei saa hiyo hiyo.

Viwango vya Ulaya na Marekani vinataka betri ndogo za vichezeo zifungiwe kwa mfuniko usiofunguka bila kifaa kama bisibisi. Kwa hiyo ukiwa dukani geuza nyuma, jaribu kwa ukucha. Ukifunguka, acha. Ukikuta skrubu, hakikisha imekaza, maana nyingine zinazunguka tu kwenye plastiki laini.

Dawa bora ni kununua kichezeo kisicho na betri kabisa, na hapo nina upendeleo wangu, sifichi: matofali ya Lego Duplo, yale ya plastiki ya kushikanisha, kuanzia mwaka na nusu. Yametengenezwa tangu 1969, ni makubwa kiasi kwamba hayaingii kooni, na ya miaka ya 1990 yanashikana vizuri na ya leo. Mtoto anayapanga, anayabomoa, anayahesabu, na akifika miaka 5 bado anayataka. Mpya ni ghali, najua. Mwagize ndugu anayetoka Dubai, au pekua mitumba ya vichezeo. Ukipata hata kumi ya zamani, osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, mtoto ameshapata shule.

Namba mbili ni pete za rangi za Fisher-Price, Rock-a-Stack, kwa mtoto aliyeanza kukaa, kuanzia miezi 6. Anaanza kwa kuzing'ata, baadaye anajifunza kubwa na ndogo.

Namba tatu ni pazo (puzzle) za mbao, vile vipande vya kupachika mahali pake, zenye vishikio, kwa mtoto anayetembea. Vuta kila kishikio kwa nguvu kabla ya kulipa. Kikichomoka mkononi mwako, kitachomoka mdomoni mwake. Vikombe vya plastiki vya kupangana ni bei poa na vinafaa, mradi havina kingo kali.

Visimu na vilaptop vinavyoimba A B C naviweka mwisho kabisa. Mtoto anabonyeza, kinaimba, basi. Hakuna anachofikiri.

Sasa wauzaji. Kariakoo ukiomba kufungua boksi uone nyuma, unajibiwa, "Dada, ukifungua umenunua." Kwa nini? Ukiuliza ubora unaonyeshwa herufi CE, na CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba amefuata kanuni za Ulaya, tena kuigandamiza kwenye boksi ni kazi ya dakika moja. Bei nayo hupandishwa kwa neno "orijino," kisha duka la tatu kutoka hapo unakuta boksi lile lile kwa nusu. Mwenye duka anayekuruhusu kufungua, kugeuza na kujaribu ukucha ndiye wa kumpa hela yako, hata akizidi elfu mbili. Hao wengine waacheni na maboksi yao mpaka wajifunze kuyafungua.