Ranchi ya Grant-Kohrs, Montana: nyumba ya Conrad na Augusta

Anayesafiri kwa barabara kuu ya I-90 kati ya Missoula na Butte, magharibi mwa Montana nchini Marekani, hufika Deer Lodge, mji mdogo wenye ranchi ambayo tangu mwaka 1972 imekuwa eneo la kihistoria la taifa. Hakuna kiingilio. Mabanda, bweni la wachunga ng'ombe na karakana ya mhunzi unaweza kuyazunguka peke yako, ila nyumba kuu huingiliwa pamoja na mwongozaji, na nakushauri upange siku yako kwa kuufuata muda wa ziara hiyo, kwa sababu humo ndimo historia ya wenyeji wake inamoeleweka.

Conrad Kohrs, mzaliwa wa Holstein, eneo lililo kaskazini mwa Ujerumani ya leo, alifika Montana kwa ajili ya dhahabu, lakini alichumia kwenye bucha, kwa kuwauzia nyama wachimbaji wa Bannack na kambi nyingine. Mwaka 1866 aliinunua ranchi hii kutoka kwa Johnny Grant kwa dola 19,200. Miaka miwili baadaye alimwoa Augusta Kruse, msichana wa miaka 19 aliyezaliwa Holstein pia, wakapanda mto Missouri kwa meli ya mvuke hadi Fort Benton, kisha wakamalizia safari kwa gari la kukokotwa na wanyama. Jina la ranchi limebeba wanaume wawili; ukishaingia ndani, hata hivyo, utaona kwamba nyumba ni ya Augusta.

Sehemu ya mbele ni ile aliyoijenga Grant mwaka 1862, na ya nyuma ni ya matofali, iliyoongezwa mwaka 1890 ikiwa na maji ya bomba na mfumo wa kupasha joto, mambo ambayo katika bonde lile yalikuwa anasa. Kinachoipa ziara hii thamani ni kwamba samani na vyombo vingi ni vya familia yenyewe. Augusta aliishi hadi mwaka 1945, akafariki akiwa na miaka 96, robo karne baada ya mumewe. Na mjukuu wao Conrad Warren pamoja na mkewe Nell walivitunza vitu vya bibi huyo badala ya kuvitawanya. Mtu anaposimama kwenye chumba cha chakula anatazama meza ya watu hao hasa, wala si mfano wake.

Nje ya nyumba, somo ni la mifugo. Katika kilele chake Kohrs alikuwa na ng'ombe wapatao 50,000 waliolisha kwenye ekari milioni 10, sehemu kubwa ikiwa ardhi ya umma isiyo na seng'enge. Nyanda hizo zilipatikana kwa sababu nyati walikuwa wameangamizwa na wenyeji wa asili wakasukumwa kwenye maeneo waliyotengewa. Historia ya ranchi yoyote ya zama zile isipotaja hayo huwa nusu. Kisha kikaja kipupwe cha 1886 hadi 1887, baada ya kiangazi kikavu kilichoyadhoofisha malisho. Mifugo ilikufa kwa wingi kwenye theluji, na wafugaji wengi hawakuinuka tena. Aliyekulia miongoni mwa wafugaji anajua uchungu wa kuiona mali ya miaka mingi ikiisha katika msimu mmoja. Kohrs alikopeshwa dola 100,000 na A. J. Davis, mwenye benki wa Butte, akasimama upya. Tangu hapo, kukata nyasi na kuziweka akiba kwa ajili ya kipupwe kukawa uhai wa ufugaji wa Montana, na ndiyo maana ninaona mashamba ya nyasi ya hapa yanastahili muda sawa na nyumba, ingawa wageni wengi huwa na haraka ya kuwaona farasi.

Vaa viatu vya kutembelea na ubebe koti hata Juni. Watoto watafurahia moto wa mhunzi anapokuwa kazini.

Ukitoka ranchini, usiondoke Deer Lodge kabla ya kupita kwenye maktaba ya mji. Conrad na Augusta waliijenga kwa kumbukumbu ya William, mwana wao wa kiume wa pekee, aliyefariki mwaka 1901 akiwa bado mwanafunzi.