Veozah ya miligramu 45: inatuliza joto, lakini ukilegea mwili kapime ini

Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, anayeamka usiku shuka zimelowa jasho, na ambaye homoni hazimfai au hazitaki, Veozah, dawa ya joto la ghafla la ukomo wa hedhi, inafanya kazi. Tunaikubali, kwa masharti mawili: vipimo vya ini visirukwe hata kimoja, na udhaifu wa mwili usichukuliwe kuwa ni mambo ya umri.

Jina lake la kitaalamu ni fezolinetanti, na inatengenezwa na Astellas. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiidhinisha Mei 2023. Ulaya na Uingereza zilifuata Desemba mwaka huohuo, na huko inaitwa Veoza. Ni kidonge cha mviringo, chekundu kilichofifia, kilichogongwa nembo ya kampuni na namba 645 upande mmoja. Unameza kimoja kwa siku, saa ileile, kwa maji, uwe umekula au hujala. Kimezwe kizima, kisikatwe wala kutafunwa. Ukisahau, meza siku hiyohiyo mradi zimebaki zaidi ya saa 12 kufikia kidonge kinachofuata. Zikiwa pungufu, ruka hicho uendelee kesho kama kawaida.

Inafanyaje kazi? Ubongoni, sehemu ya haipothalamasi, kuna seli zinazosimamia joto la mwili. Estrojeni huzituliza. Estrojeni ikishuka, kemikali iitwayo neurokinini B huzichochea kupita kiasi, mwili ukadhani umepata joto na kuanza kutoa jasho hata kama chumba kina baridi. Fezolinetanti huziba mahali neurokinini B inaposhika. Basi si homoni, na kwa sababu hiyo haitibu ukavu wa uke wala hailindi mifupa.

Katika majaribio mawili makubwa ya wiki 12 walichukuliwa wanawake waliokuwa wakipata vipindi vya joto la ghafla, la wastani au kali, angalau mara 7 kwa siku. Waliotumia dawa walipungukiwa na takriban mara 2.5 kwa siku zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, na tofauti ilishaonekana kufikia wiki ya 4. Kwa maoni yetu, ambaye wiki 12 zimepita na hajaona nafuu yoyote hana sababu ya kuendelea kuigharamia.

Sasa udhaifu. Mwanamke wa miaka 50 anayekatishwa usingizi na jasho kila usiku atachoka hata bila kumeza kitu, na hapo ndipo dalili hii inapopita bila mtu kuishtukia. Iangalie pamoja na usingizi wako. Dawa ikishika, jasho la usiku hupungua, usingizi unarudi, na nguvu zinapaswa kurudi nazo. Kama joto limetulia, unalala vizuri, na bado mwili unazidi kulegea siku baada ya siku, hamu ya chakula imepotea na ngozi inawasha bila vipele, lishuku ini mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya mkandaa, kinyesi kikapauka, macho yakawa manjano, au tumbo likauma upande wa kulia chini ya mbavu, acha kidonge siku hiyohiyo na uende hospitali. Usingoje tarehe ya miadi.

Hili si la kudhaniwa tu. Septemba 2024 FDA ilitoa taarifa kuhusu mgonjwa aliyekuwa ameitumia dawa hii kwa siku 40 hivi. Alikuwa na uchovu, kichefuchefu, kuwashwa, macho na ngozi ya manjano, kinyesi kilichopauka na mkojo mweusi. ALT yake, kimeng'enya kinachopanda kwenye damu ini likiumia, ilikuwa zaidi ya mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida, na bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini huisafisha kwenye damu, zaidi ya mara 3. Alipoacha dawa, dalili ziliondoka polepole na vipimo vikarudi chini taratibu. Desemba mwaka huo dawa ikawekewa onyo la ndani ya kisanduku, ambalo ndilo onyo zito kuliko yote kwenye maelezo ya dawa za Marekani.

Ratiba ya Marekani ni hii: kipimo kabla ya kidonge cha kwanza, kisha kila mwezi kwa miezi 3, halafu mwezi wa 6 na wa 9. Omba vimeng'enya vya ini, yaani ALT, AST na ALP, pamoja na bilirubini, na utunze majibu ya kwanza, kwa kuwa yanayofuata yatalinganishwa nayo. Ikiwa ALT, AST au bilirubini imefika mara 2 ya kiwango cha juu, dawa isianzwe. Ikiwa umeshaianza, inasimamishwa ALT au AST ikizidi mara 5, au ikizidi mara 3 huku bilirubini imezidi mara 2. Usiseme "najisikia vizuri, kipimo cha nini?" Katika majaribio, vimeng'enya vilizidi mara 3 kwa asilimia 2.3 ya waliotumia dawa, dhidi ya asilimia 0.9 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, na kwa kawaida hawakuwa na dalili yoyote. Kwetu Afrika Mashariki, ambako homa ya ini B imeenea, tungeongeza kipimo chake kabla ya kuanza.

Wenye ini lililosinyaa kwa makovu au figo zilizodhoofika sana hawaruhusiwi kabisa kuitumia. Kuna na mtego ambao ni rahisi mno kuuingia: siprofloksasini, ile "sipro" ambayo watu hununua dukani bila cheti kwa ajili ya mkojo mchafu. Huzuia kimeng'enya cha CYP1A2 kinachoivunja fezolinetanti, dawa ikajazana mwilini. Simetidini ya vidonda vya tumbo huongeza kiasi chake maradufu. Fluvoksamini ya sonona hukifikisha zaidi ya mara 9. Mtajie mfamasia Veozah kabla hajakupa chochote.

Wengine wanauliza kama wahamie Lynkuet ya Bayer, dawa nyingine ya joto hilohilo isiyo homoni, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2025. Hiyo ni vidonge laini viwili vya miligramu 60, usiku wakati wa kulala. Yenyewe inajulikana kwa kuleta uchovu, kizunguzungu na usingizi wa mchana, kwa hiyo usiendeshe gari mpaka ujue inakufanyaje. Nayo inadai kipimo cha ini kabla ya kuanza. Mwenye kazi ya kukaa macho tungemwanzishia Veozah.

Majibu ya ini yakiwa safi na udhaifu bado upo, usiishie hapo. Pima wingi wa damu, hasa kama hedhi za mwisho mwisho zilikuwa nzito, na tezi ya shingo. Unayehema kwa kupanda ngazi mbili tatu huenda umepungukiwa damu.

Bei ndiyo inayoumiza. Marekani ilizinduliwa kwa dola 550 kwa vidonge vya siku 30, bila bima. Ndiyo sababu boksi husafiri kwenye begi la ndugu kutoka ughaibuni, na vipimo havisafiri nalo. Kama uliko hakuna maabara ya kupima ini kila mwezi, usilifungue boksi hilo. Muulize daktari kuhusu venlafaksini ya dozi ndogo, au gabapentini ya usiku kama usingizi ndio unaokusumbua zaidi. Hizo hazidai kipimo cha ini kila mwezi, ingawa gabapentini nayo huleta kizunguzungu, hivyo uinuke kitandani taratibu.