ABBA Gold: mkusanyiko uliofufua nyimbo zilizokuwa zimechuja

Katikati ya miaka ya 1980, ABBA, kundi la pop la Sweden, walikuwa wamechuja kabisa. Kundi lilikuwa kimya tangu mwisho wa 1982, santuri zao zilijaa kwenye mitumba, na mpenzi wa muziki wa London au Stockholm aliyejali heshima yake hakukiri hadharani kwamba anawasikiliza. Septemba 1992 ukatoka mkusanyiko wa nyimbo 19 uitwao ABBA Gold. Umeshauza zaidi ya nakala milioni 30 duniani, na Julai 2021 ukawa albamu ya kwanza kutimiza wiki 1,000 kwenye chati ya albamu ya Uingereza. Hakuna wimbo hata mmoja uliorekodiwa upya kwa ajili yake. Ni sauti zilezile za 1974 hadi 1981, zimechaguliwa, zimepangwa na kufungashwa na watu waliojua wanachokifanya, na ndiyo sababu unastahili kupimwa kama bidhaa, kuanzia jalada hadi sekunde za kila wimbo.

Kwanza, kwa nini walichuja. Wimbo wao Waterloo ulishinda Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, mjini Brighton, Uingereza, tarehe 6 Aprili 1974, kiongozi wa okestra akiwa amevaa kama Napoleon na waimbaji wakimetameta kuanzia mabegani hadi kwenye viatu. Waamuzi wa Uingereza, waliokuja kuwa mashabiki wao wakubwa baadaye, hawakuupa wimbo ule hata pointi moja. Nyumbani Sweden hali haikuwa nafuu. Wanamuziki wa mrengo wa kushoto waliona ABBA ni biashara tupu, na shindano lilipofanyika Stockholm mwaka 1975 waliandaa tamasha lao la kulipinga. Kisha wakaja vijana wa panki, halafu disko lenyewe likageuka neno la kubeza. Nguo zikawa shahidi wa mashtaka: kila picha ya kundi ilimkumbusha msikilizaji mwaka ambao hakutaka kuukumbuka.

Wanamuziki wenyewe hawakudanganyika. Glen Matlock wa Sex Pistols, kundi la panki, amesema mdundo wa gitaa wa Pretty Vacant ulitokana na SOS, na piano ya Oliver's Army ya Elvis Costello imefuata njia ya Dancing Queen. Waliokuwa wakiwacheka kwa nje walikuwa wakijifunza kwao kwa ndani.

Tatizo la pili lilikuwa la kibiashara, na watu hulisahau. Haki za kuuza ABBA zilikuwa zimetawanywa nchi kwa nchi: Epic Uingereza, Atlantic Marekani, RCA Australia, Vogue Ufaransa. Kila mmoja alitoa mikusanyiko yake, mingi ya bei rahisi na yenye majalada ya hovyo. Hakukuwa na kitu kimoja ambacho mtu angeingia dukani na kukitaja. Kampuni ya PolyGram ilipoinunua Polar ya Stockholm, lebo ya ABBA wenyewe, ndipo ikawezekana kuzikusanya nyimbo zote chini ya paa moja.

Na walifika wakati moto ulikuwa umeshawashwa na wengine. Klabu za mashoga Ulaya na Marekani hazikuwahi kuacha kuzipiga nyimbo hizi. Australia, iliyowapenda ABBA kupita kiasi, ilizaa Björn Again mjini Melbourne mwaka 1988, bendi ya kuwaiga. Juni 1992 kundi la Uingereza la Erasure likatoa EP (rekodi fupi) ya nyimbo nne za ABBA ikakaa wiki tano kileleni Uingereza. Mwezi huohuo U2 waliimba Dancing Queen jijini Stockholm, na Benny Andersson na Björn Ulvaeus, watunzi wa ABBA, wakapanda jukwaani. Agosti, Björn Again walipiga kwenye tamasha la Reading siku moja na Nirvana, kwa sababu Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, aliwataka. Baada ya hapo, nani angemcheka shabiki? Ruhusa ilikuwa imetolewa na watu ambao vijana waliwaheshimu. Gold ilitoka wiki chache baadaye, tarehe 21 Septemba.

Sasa bidhaa yenyewe. Jalada ni jeusi, lina herufi za dhahabu, basi. Upande wa mbele hakuna sura, hakuna satini, hakuna buti za fedha. Huo ni uamuzi mkubwa kuliko unavyoonekana, maana mnunuzi wa 1992 aliweza kuibeba CD hii hadi kwa mhudumu bila kununua na mavazi. Linaonekana kama la muziki wa kale wa Ulaya, kitu cha kuheshimiwa, na kwa miaka zaidi ya 30 halijapitwa na wakati kwa sababu halikufungwa kwenye wakati wowote.

Mpangilio wa nyimbo ndio ufundi wenyewe. Mtu mvivu angezipanga kwa miaka, akaanza na Waterloo, na msikilizaji angerudishwa Brighton na ule utani wa Napoleon kabla hata hajakaa vizuri. Hapa Waterloo ni ya 19, ya mwisho kabisa. Ya kwanza ni Dancing Queen, ya 1976. Isikilize inavyoanza: vidole vinateleza juu ya piano toka mwisho hadi mwisho, kisha sauti zinaingia katikati ya kiitikio, kana kwamba dansi lilikuwa linaendelea na wewe ndiye uliyechelewa. Ubeti unakuja baadaye. Wimbo wa pili ni Knowing Me, Knowing You, wa watu wanaoachana ndani ya nyumba iliyobaki tupu. Ndani ya dakika 8 msikilizaji ameshaonja furaha na majonzi, na dhana kwamba ABBA ni muziki wa kitoto imevunjika. Ya tano ni Lay All Your Love on Me, iliyowekwa mapema kwa ajili ya watu wa klabu. Mwisho wa kila ubeti sauti inaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi, matokeo ya kuipitisha kwenye kifaa cha kushusha noti ya sauti na kuirudisha tena na tena.

Si kila sehemu imekaa sawa. I Have a Dream, ya saba, inapooza mwendo mapema mno, na kwaya ya watoto mwishoni haisaidii. Bahati nzuri The Winner Takes It All inafuata, na mwimbaji wake, Agnetha Fältskog wa kundi hilo, hajawahi kuimba vizuri zaidi. Chiquitita na Fernando, za 11 na 12, zimewekwa zikifuatana ilhali zote mbili ni za mwendo wa polepole. Moja ingesogezwa. Kuanzia Voulez-Vous na Gimme! Gimme! Gimme! mambo yanakaa sawa tena.

Anayetaka kununua aangalie jambo moja kabla ya lolote: urefu wa The Name of the Game. Kwenye nakala za CD za 1992 liliingizwa toleo lililokatwa, lisilo na ubeti wa pili, lenye chini ya dakika 4. Toleo kamili ni la karibu dakika 4 na sekunde 50, na lilirudishwa kwenye toleo lililosafishwa la 1999 na yaliyofuata. Ubeti ule ni muhimu, bila huo wimbo unakimbilia kiitikio cha mwisho kabla hisia haijajengeka. Geuza CD usome dakika nyuma, au omba muuzaji akupigie picha ya mgongo wa jalada.

Kwa upande mwingine, nakala za zamani zina faida yake. Matoleo ya baadaye yamepandishwa sauti kwa jumla, kama ilivyokuwa desturi ya CD tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hivyo tofauti kati ya pole na kali imepungua. Kipimo rahisi ni The Winner Takes It All. Piano ya mwanzo inapaswa kuwa ndogo kiasi cha kukufanya usogee, na kiitikio cha mwisho kikujie kwa nguvu. Kama mwanzo na mwisho vinagonga kwa ukubwa uleule, nakala hiyo imebanwa. Mwenye vifaa vizuri nyumbani atapenda ya 1992 kwa sauti na ya 1999 kwa ukamilifu. Ukitaka moja tu, chukua yenye wimbo kamili.

Suala la vifaa lina sababu yake. Fundi mitambo wa ABBA, Michael B. Tretow, alikuwa na mbinu moja aliyoipenda. Bendi ikisharekodi, alibadilisha kidogo sana kasi ya mkanda, akawarudisha wanamuziki au waimbaji wapige na kuimba kilekile juu ya kile cha kwanza. Mkanda uliporudishwa kwenye kasi yake, safu mbili zilipishana kwa unywele tu, na sauti ikawa nene na yenye kumeremeta. Ndiyo maana Agnetha na mwimbaji mwenzake Anni-Frid Lyngstad wanasikika kama umati. Kwenye spika ya simu umati huo unakuwa uji. Tumia hedifoni za kawaida zenye waya au spika mbili zilizoachana walau mita moja na nusu, na usipandishe besi: gitaa la besi la Rutger Gunnarsson linatembea sana kwenye Dancing Queen na Money, Money, Money, na ukiliongezea uzito linafunika piano.

Wanaotaka santuri watapata seti ya santuri mbili. Nyimbo zote zinakaribia dakika 77, yaani wastani wa dakika 19 kwa upande, kiasi kizuri, kwani upande ukipita dakika 22 hivi mifereji inabanwa na sauti inapungua. Zipo nakala za rangi ya dhahabu na zenye picha. Za picha ni za kutundika ukutani, kwa kawaida santuri za namna hiyo huvuma zaidi chini ya sindano. Za kucheza ni nyeusi au za dhahabu.

Kwa wanaosikiliza mtandaoni: zima uchezaji wa kuchanganya, kwa sababu mpangilio ndio nusu ya kazi. Na hakikisha jina la msanii ni ABBA peke yake. Ipo mikusanyiko tele ya waigaji yenye majalada meusi na herufi za njano, na waimbaji wengine ni hodari kiasi cha kukupoteza kwa sekunde 30. Dancing Queen halisi ina dakika 3 na sekunde 51 hivi.

Madijei wajue kwamba nyimbo hizi zilipigwa na watu. Dancing Queen ina mapigo karibu 101 kwa dakika, Gimme! Gimme! Gimme! karibu 120, Lay All Your Love on Me karibu 133, lakini ngoma za Ola Brunkert na wenzake zinasogea kidogo mbele na nyuma. Ukiiachia programu ilinganishe yenyewe, baada ya baa 16 (vipimo vya mapigo manne) utasikia ngoma kubwa za nyimbo mbili zikigombana. Changanya kwa baa 8, utoke. Njia nzuri ya kuingia ni kupitia Hung Up ya Madonna ya 2005, iliyojengwa juu ya kinanda cha Gimme! kwa ruhusa ya watunzi, ruhusa ambayo ABBA huitoa kwa nadra. Hung Up iko karibu 125. Ipunguze asilimia 4 zitakutana. Ukitumia CD ya 1992, pandisha kwanza kiwango cha sauti inayoingia kwenye mtambo, la sivyo ukumbi utahisi umeme umepungua.

Kilichofuata baada ya Gold kinajulikana: filamu mbili za Australia za 1994, Muriel's Wedding na Priscilla, zilizojaa nyimbo hizi, na mchezo wa jukwaani Mamma Mia! uliofunguliwa London tarehe 6 Aprili 1999, miaka 25 kamili baada ya Brighton. Vyote hivyo vilihitaji watazamaji wanaozijua nyimbo kwa moyo, na ilikuwa ni Gold iliyokuwa kwenye magari na sebule zao.

Wanaokusanya zilipendwa zetu, za bendi za dansi za miaka ya 1960 na 1970, wana la kuchukua hapa, na linasemwa kwa uchungu kwa sababu nyimbo zipo na ni nzuri. Mara nyingi mikusanyiko inayouzwa haina mwaka, haina jina la mpiga gitaa la solo, na wimbo mmoja umekatwa kabla ya sebene kuchanganya. Nyingine zimerekodiwa upya na mwanachama mmoja aliyebaki, kwa kinanda kinachoiga tarumbeta, bila mnunuzi kuambiwa. Kamilisha haki na warithi kwanza. Tafuta mkanda wa asili. Acha wimbo uishe. Kisha weka mbele ule unaomfanya mtu wa miaka 20 ainuke, hata kama haukuwa wa kwanza kutamba.

Ukishaizoea Gold, usinunue mkusanyiko mwingine wa vibao vilevile. Chukua More ABBA Gold ya 1993, yenye nyimbo 20, ambamo mna Summer Night City, Eagle na hasa The Day Before You Came ya 1982. Huo hauna bendi: karibu wote ni vinanda vya Benny, mashine ya ngoma, na Agnetha akisimulia siku ya kawaida ya mfanyakazi wa ofisini, treni, chakula cha mchana, gazeti la jioni. Ulipotoka haukufika mbali kwenye chati za Uingereza. Uanze nao, kwa hedifoni, usiku.