Genius na Musixmatch: zinatosha kuchambulia mashairi ya Chuga (Arusha) na Moshi?

Mambo vipi wadau, karibuni. Leo tunapima huduma mbili za maneno ya nyimbo kwenye simu, Genius na Musixmatch, na kipimo chetu ni kimoja tu: zinamsaidiaje mtu aliyekaa Ngarenaro au Majengo ya Moshi anayetaka kujua wimbo unasema nini, ndipo aanze kubishana unamaanisha nini? Hizo ni kazi mbili. Ukizichanganya utakesha ukitetea maana ya neno ambalo msanii hakulitamka.

Genius ilianza Marekani mwaka 2009 kwa jina la Rap Exegesis, ikawa Rap Genius, halafu 2014 ikabaki Genius. Ilizaliwa kufafanua mistari ya hip hop, na hapo ndipo ilipo nguvu yake hadi leo: unabonyeza mstari wenye kivuli, ufafanuzi unafunguka. Kabla hujauamini, tazama vitu viwili. Umeandikwa na wachangiaji wangapi? Una alama kwamba haujapitiwa? Ukiona alama ya kuthibitishwa, hapo msanii au mtu aliyeshiriki kuutengeneza wimbo ndiye anayeongea, na uzito wake ni mwingine kabisa.

Musixmatch ni ya Bologna, Italia, tangu 2010. Sifa yake ni maneno kutembea na sauti, mstari kwa mstari, na maneno mengi uliyoyaona kwenye Spotify yametoka kwao. Kwa kufuatisha wimbo ukiwa umeishika simu, inaishinda Genius. Kwa kuchimba maana, Genius iko mbele.

Sasa njoo kwenye tatizo. Pande zote mbili, maneno mengi yanaandikwa na wasikilizaji kama wewe. Na yakishaandikwa, yanasambaa. Mwaka 2019 Genius iliishtaki Google ikidai maneno yake yamenakiliwa. Ushahidi wao ulikuwa mtamu: walikuwa wamepanga alama za ritifaa, zilizonyooka na zilizopinda, kwa mfuatano ambao ukiusoma kwa msimbo wa Morse, ule wa nukta na vistari, unapata maneno ya Kiingereza yenye maana ya kukamatwa na kidhibiti mkononi. Google ilisema maneno iliyatoa kwa kampuni yenye leseni, na kesi Genius ilishindwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Kwako wewe mchambuzi, somo si la sheria. Ukikuta tovuti tatu zimeandika neno lilelile, usihesabu mashahidi watatu. Huenda ni shahidi mmoja na kopi mbili.

Tuone kosa linavyozaliwa. Mifano yote nimeitunga, nisije nikamchana mtu wimbo wake. Chukua mstari huu: "Nimekuja na sale, mama fungua mlango." Mwandishi wa mbali anasikia "sare". Ana sababu, maana l na r hubadilishana midomoni mwa watu wengi, na sare anaijua, ile ya harusini. Basi anaandika "sare", na mfafanuzi anayefuata anajenga ghorofa juu yake: jamaa kaja kuoa, kavaa sare na wenzake, mama mkwe anamzuia mlangoni. Maelezo mazuri, yananyooka, na yote ni hewa. Mtu wa Machame au Marangu, kule Kilimanjaro, angekwambia sale ni lile jani la isale, mmea unaooteshwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, na ukilipeleka kwa mtu umekwenda kuomba msamaha. Huyo hajaja kuoa. Kakosa, karudi. Herufi moja imegeuza toba kuwa sherehe.

Ndiyo maana hatua ya kwanza siyo kuwaza, ni kusikia. Spika ya daladala ya Sakina haifai kwa kazi hii, hata kama wimbo unanoga humo kuliko mahali pengine popote. Besi nzito inafunika konsonanti, na tofauti ya "kufua" na "kuvua" iko kwenye konsonanti moja. Tumia hedifoni za waya, mbili, masikio yote. Sauti kuu huwa katikati, lakini waitikiaji mara nyingi wamepelekwa pembeni, kushoto na kulia. Ukivaa sikio moja utakosa jibu la kiitikio, na kuna nyimbo ambazo jibu ndilo lenye fumbo. Kwenye ikwaliza ya simu, pale unapopanga besi na sauti kali, shusha 60 Hz (besi) kwa desibeli 6 hivi, pandisha kati ya 2 na 4 kHz (konsonanti) kwa desibeli 3. Wimbo utasikika mwembamba, sawa, hatuchezi muziki hapa. Kwenye YouTube weka kasi ya 0.75. Usishuke chini ya 0.5, maneno yanavutika kama lami na konsonanti zinayeyuka.

Na bando? Maandishi hayali kitu, sauti ndiyo inayokula. Wimbo wa dakika 4 kwa kilobiti 96 kwa sekunde ni kama MB 2.9, kwa kilobiti 320 ni MB 9.6. Ukirudia mara kumi mtandaoni utaona salio linavyopukutika. Pakua mara moja, urudie sekunde 10 zinazokusumbua hadi uchoke.

Sikiliza mara ya kwanza bila kutazama skrini, andika unachosikia. Ukisoma kwanza, sikio linatii jicho. Utasikia "sare" mpaka kesho.

Ukishapata maneno, ngeli ndiyo rafiki yako wa kwanza. "Ua langu" ni la maua. "Ua wangu" ni uzio, ule wa nyua, kwa hiyo "ua wangu umevunjwa" ni mtu aliyeingiliwa nyumbani, huenda na kwenye ndoa. Programu ya kutafsiri inaweza kukupa maua kote kote. Ila tahadhari, chalii wa Chuga akitafuta kina haogopi kuvunja ngeli, kwa hiyo kagua kama mistari ya jirani inaishia kwa "-angu" au kwa sauti nyingine. Mkazo nao usiutegemee sana. Katika maongezi, barabara ya magari ina mkazo kwenye silabi ya tatu na barabara ya "sawasawa" kwenye ya pili, lakini mdundo unaweza kuuhamisha popote. H inayomezwa nayo ina kesi zake: "na hapa" na "naapa" vikiimbwa haraka ni mapacha, na kimoja ni kiapo.

Tafsiri za Kiingereza zilizochangiwa na watumiaji zisome kwa jicho kali sehemu moja hasa: "a-" yetu haina jinsia. "Ameniacha" anaweza kuwa mpenzi, mama aliyefariki, au rafiki aliyehamia Dar. Mtafsiri analazimika kuchagua mwanamume au mwanamke, na akishachagua, fumbo limekufa. Soma Kiswahili chake, tafsiri iache.

Neno "mangi" nalo: linaweza kuwa mwenye duka, Mchaga yeyote kwa utani, au mtawala wa zamani. Machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963, basi wimbo wa juzi unaomtaja mangi akikopesha sukari, usiupeleke ikulu.

Kwa sehemu za lugha nyingine, huduma zote mbili zinategemea bahati ya kumpata mchangiaji anayeijua lugha hiyo. X Plastaz, kundi la hip hop la hapa Arusha, walimweka mwimbaji wao Merege akiimba Kimaasai ndani ya hip hop ya Kiswahili. Ukikutana na kipande kama hicho, usikijaze kwa silabi zinazofanana na Kiswahili. Andika kwamba ni Kimaasai, mtafute anayekijua.

Alama zangu: Genius 7 kwa 10 kwa nyimbo za Kiingereza, 4 kwa zetu. Musixmatch 6 kwa kufuatisha, 3 kwa maana. Wala sizionei, upungufu mwingi ni wetu sisi tusiochangia.

Kuchangia ni bure ukifungua akaunti. Sahihisha neno kwenye maneno, weka maana kwenye ufafanuzi, usizipachike pamoja. Andika "sale" pale juu; habari za jani na msamaha ziende chini, pamoja na sehemu ya Kilimanjaro inakotumika. Na usipoelewa mstari, acha alama ya kuuliza. Mtu wa Kibosho atapita, ataijaza.